Bandari Ipimwe Kutoka Bara: Kreni, Mifumo na Tarehe ya Kontena Kufika Kampala

Habari za maendeleo ya bandari hutufikia huku Kampala kwa njia ya picha: kreni mpya zikiwa zimesimama wima juu ya sitaha ya meli iliyozileta, viongozi wakikata utepe, chumba cha udhibiti chenye skrini zilizojaa ukuta mzima. Ninazitazama picha hizo kwa furaha ya kweli, kwa sababu nchi yetu haina pwani na sehemu kubwa ya bidhaa zinazouzwa Kikuubo, mtaa wetu wa biashara ya jumla, kuanzia vigae hadi vipuri vya pikipiki, zimepita Kilindini, bandari ya Mombasa, au Dar es Salaam. Hata hivyo, kazi yangu ya uwakala wa forodha imenifundisha kwamba picha hizo hazijibu swali ambalo mwenye mzigo huniuliza kila anapopiga simu, yaani mzigo wake utafika lini. Yeye hana haja ya kujua kontena lake lilishushwa na kreni ya aina gani wala kama dereva wake alikuwa mtu au mtambo. Anataka tarehe, na anataka tarehe hiyo iwe ya kuaminika kiasi cha kumwahidi mteja wake.

Kwa sababu hiyo, nimekuwa nikitafakari namna tunavyopaswa kutathmini bandari inayojitangaza kuwa imeingia katika zama za kidijitali. Msimamo wangu ni kwamba kipimo cha haki kwa nchi kama Uganda kinapatikana mwisho wa safari, pale mlango wa kontena unapofunguliwa katika ghala la mwenyewe, na kwamba jambo la kupimwa zaidi ni kutabirika kwa siku hizo. Teknolojia yoyote inayopunguza shaka ya tarehe ni maendeleo, hata kama haionekani kwenye picha. Teknolojia isiyoigusa shaka hiyo inaweza kuwa na faida kwa mtu mwingine, lakini mfanyabiashara wa Kampala hatakuwa ameiona.

Kipimo kinachonukuliwa zaidi magazetini ni kielezo cha utendaji wa bandari za makontena kinachotolewa na Benki ya Dunia, ambacho kilianza kuchapishwa mwaka 2021. Katika matoleo yanayohusu mwaka 2022 na 2023 nafasi ya kwanza ilishikwa na Yangshan, bandari ya Shanghai nchini China, huku Mombasa na Dar es Salaam zikiwa karibu na mkia wa orodha, na kila orodha inapotoka huzuka kelele za aibu na za kujitetea. Wachache huuliza kielezo hicho kinahesabu nini hasa. Kinahesabu muda wa meli: saa zinazopita tangu meli inapowasili katika eneo la bandari hadi inapoondoka gatini. Ni kipimo halali kabisa kwa mwenye meli, kwa kuwa meli kubwa inayosubiri baharini hula fedha nyingi kila siku, na gharama hiyo hatimaye hurudi kwetu katika nauli. Lakini pindi kontena linapoinuliwa kutoka melini na kuwekwa yadini, kielezo hakina habari nalo tena. Linaweza kukaa hapo siku mbili au wiki tatu, na cheo cha bandari kisibadilike hata kidogo. Bandari inaweza kupanda ngazi kumi za orodha ile bila mfanyabiashara yeyote wa Kampala kuhisi tofauti, na inaweza vilevile kushuka katika mwaka ambao mizigo yetu imetoka haraka kuliko kawaida.

Hata pale wataalamu wanapopima muda wa kontena kukaa bandarini, mara nyingi hutupatia wastani, na wastani huficha jambo lenyewe. Tuchukulie mfanyabiashara anayeagiza madaftari kwa ajili ya muhula wa kwanza wa shule, ambao huku kwetu huanza mapema mwezi Februari. Akiambiwa kwamba wastani wa safari kutoka melini hadi Kampala ni siku kumi, taarifa hiyo haimsaidii ikiwa makontena mengine hufika siku ya sita na mengine siku ya ishirini na tano. Hawezi kupanga kwa wastani. Hana budi kupanga kwa ile siku ya ishirini na tano, maana madaftari yanayofika baada ya shule kufunguliwa ni mzigo wa muhula ujao. Basi ataagiza mapema zaidi, atakopa mapema zaidi, atalipa riba ya benki kwa wiki ambazo bidhaa zimelala, na atakodi ghala kubwa kuliko analohitaji. Gharama hizo zote huingia katika bei ya daftari. Kama mfumo mpya wa bandari ungemhakikishia siku kumi na mbili kila mara, angekuwa na unafuu mkubwa kuliko mfumo unaoshusha wastani hadi siku nane huku ukiacha makontena kadhaa yakipotelea katika foleni isiyojulikana mwisho wake. Ndiyo maana ningependa kila ripoti ya bandari itueleze makontena tisa kati ya kumi hutoka ndani ya siku ngapi, na lile la kumi hukwama wapi.

Nikitumia kipimo hicho kutazama mageuzi ya miaka iliyopita, naona kwamba yaliyotufaa zaidi hayakuhusu mitambo mizito. La kwanza ni Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, ambayo utekelezaji wake kwenye njia yetu ulishika kasi mwaka 2014. Zamani mzigo wa Uganda ulitolewa Mombasa tamko la transiti, yaani la mzigo unaopita kwenda nchi nyingine, ukawekewa dhamana, ukakaguliwa tena Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kisha ukafika Kampala kuanza safari nyingine ya karatasi katika maghala ya forodha kabla ya kodi kulipwa. Chini ya utaratibu mpya, tamko hufanywa kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, na kodi hulipwa wakati mzigo bado uko pwani, huku maofisa wetu wa forodha wakiwa wamewekwa Mombasa kufanya kazi bega kwa bega na wenzao wa Kenya. Mzigo ukitoka getini unakuwa umekwisha kulipiwa, na mpakani hauhitaji kuanza upya. Viongozi wa serikali walizoea kusema kwamba safari imepungua kutoka siku 18 hadi 4, na kila nilipoisikia kauli hiyo nilitaka kujua saa ilianza kuhesabiwa wapi: meli ilipotia nanga, kontena liliposhushwa, au lori lilipovuka geti la bandari. Kati ya nukta hizo tatu kuna siku nyingi. Pamoja na hayo, hakuna mtu wa kazi yetu anayekumbuka utaratibu wa kale ambaye angetamani urudi.

La pili ni mfumo wa kikanda wa kufuatilia mizigo kwa sili za kielektroniki, uliozinduliwa mwaka 2017 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda. Kabla ya hapo kila nchi ilifuatilia kivyake, na mizigo iliyoonwa kuwa nyeti ilisafiri kwa misafara chini ya ulinzi, ambapo lori lenye haraka lilisubiri lori bovu. Sasa sili hutoa ishara ikifunguliwa au lori likiacha njia iliyoruhusiwa, na vituo vya udhibiti vilivyoko Nairobi, Kampala na Kigali huona jambo lile lile kwa wakati mmoja. Kifaa chenyewe ni kidogo, lakini kimeondoa aina moja nzima ya kusubiri, na hicho ndicho kipimo ninachokitetea.

Mahali ambapo siku zetu nyingi bado zinapotea ni katikati ya mfumo na mfumo. Hili linahitaji maelezo, kwa kuwa mtu asiyefanya kazi hii hudhani kwamba bandari ya kidijitali ni kompyuta moja kubwa inayojua kila kitu. Mamlaka ya Bandari ya Kenya ina mfumo wake wa uendeshaji uitwao KWATOS, ulioanza kutumika mwaka 2008, unaojua kontena liko wapi yadini na linadaiwa ada kiasi gani. Mamlaka ya Mapato ya Kenya ina mfumo wake wa forodha. Kuna dirisha moja la biashara la Kenya, ambako taasisi mbalimbali hutoa vibali. URA inatumia ASYCUDA World, programu iliyobuniwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, na Uganda nayo ina dirisha moja lake la kielektroniki. Kampuni za meli zina mifumo yao, reli ina wake, na wamiliki wa bandari kavu wana yao. Kila mmoja wa hao akihojiwa atasema kweli kwamba amekwisha kuacha karatasi. Lakini taarifa inapotoka mfumo mmoja kwenda mwingine, mara kwa mara hupita mikononi mwa mtu anayeichapa upya, na hapo ndipo herufi moja huanguka.

Niliwahi kushughulikia kontena lililoshushwa siku ile ile iliyotarajiwa, na kodi zake zikiwa zimelipwa kabla meli haijafika. Namba ya sili kwenye manifesti, yaani orodha ya shehena ya meli, iliyoingizwa na wakala mmoja wa meli ilitofautiana kwa tarakimu moja na ile iliyokuwa kwenye hati ya shehena. Mfumo wa bandari ulisema kontena liko tayari, mfumo wa forodha ukasema haulijui kontena la namna hiyo, na kila ofisi niliyoiendea ilinionyesha skrini yake iliyokuwa sahihi kwa upande wake. Marekebisho ya manifesti yana fomu, ada na foleni yake, na yalipokamilika siku za bure za kuhifadhi mzigo zilikuwa zimekwisha kupita, kwa hiyo mteja akatozwa ada ya kuhifadhi. Katika takwimu za bandari, kontena lile lilihesabiwa kuwa lilihudumiwa haraka, kwa maana meli iliondoka kwa wakati. Katika daftari la mteja wangu lilikuwa hasara. Ninaamini kwamba tathmini yoyote ya bandari inayotaka kuwa ya kweli lazima ihesabu marekebisho ya aina hii: ni mangapi kwa mwezi, yanatokana na nini, na yanachukua saa ngapi hadi kufungwa. Idadi hiyo ikishuka, ndipo tutakapojua kwamba mifumo imeanza kuzungumza.

Singapore inatupa funzo kuhusu mpangilio wa hatua. Watu huitaja kama mfano wa bandari ya roboti, na ni kweli kwamba bandari yake mpya ya Tuas, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2022 na inayotarajiwa kukamilika katika miaka ya 2040, inatumia magari yasiyo na madereva. Lakini TradeNet, mfumo wa kielektroniki wa kuwasilisha nyaraka za biashara, ulianza kufanya kazi huko Januari 1989. Zaidi ya miongo mitatu imepita kati ya hatua hizo mbili, na katika kipindi hicho chote Singapore ilikuwa miongoni mwa bandari zenye shughuli nyingi kuliko zote duniani huku malori ya yadini yakiendeshwa na binadamu. Walitengeneza taarifa kwanza, mitambo ikafuata. Ninapowasikia wapangaji wetu wakianza na mitambo, napata wasiwasi kwamba tutakuwa na kontena linaloshushwa kwa kasi ya ajabu ili likasubiri kibali kwa kasi ya kale.

Kuhusu mitambo yenyewe, kumbukumbu ya dunia si fupi, na inafaa isomwe kwa utulivu. Rotterdam ilianza kutumia magari yanayojiendesha kwenye gati la makontena mwaka 1993. Hamburg ilifuata kwa gati la Altenwerder mwaka 2002. China ilifungua gati la Qingdao na awamu ya nne ya Yangshan mwaka huo huo wa 2017. Kwa hiyo tuna zaidi ya miaka 30 ya uzoefu wa kutathmini. Taarifa ya kampuni ya ushauri ya McKinsey ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba bandari zilizotia mitambo ya kujiendesha zilipunguza gharama za uendeshaji kwa kati ya asilimia 15 na 35, lakini tija ikashuka kwa kati ya asilimia 7 na 15. Miaka mitatu baadaye, jukwaa la kimataifa la usafirishaji lililo chini ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, lilifikia uamuzi unaokaribiana na huo, kwamba kwa ujumla bandari za otomatiki hazina tija kubwa kuliko zile za kawaida. Mtambo ni mwaminifu pale kazi inapojirudia bila mabadiliko, lakini yadi ya bandari ina mambo mengi yasiyopangwa: upepo mkali, kontena lililopinda pembe, meli iliyochelewa na kuvuruga ratiba nzima, lori lililoharibikia katikati ya njia. Mwendesha kreni mzoefu huamua papo hapo. Mtambo husimama na kuomba msaada.

Tena kuna suala la mishahara, ambalo huku kwetu lazima lisemwe waziwazi. Bandari za Ulaya kaskazini zilikimbilia mitambo kwa sehemu kubwa kwa sababu nguvukazi yao ni ghali, na akiba waliyoipata ilitokana na kupunguza watu. Mshahara wa mfanyakazi wa bandari wa Mombasa hauko karibu na wa mwenzake wa Rotterdam, kwa hiyo akiba ile ile haiwezi kupatikana hapa, wakati bei ya mtambo na ya vipuri vyake ni ile ile, au inazidi kwa kuwa fundi anatoka mbali. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wana historia ndefu ya kudai haki yao. Katika mgomo wa mwaka 1955 Tom Mboya, akiwa bado kijana, alisimama kati yao na waajiri mpaka nyongeza ya mshahara ikapatikana. Sioni sababu ya kuwaondoa watu hao kwa mkopo wa fedha za kigeni ikiwa matokeo yake ni tija ile ile au pungufu. Kuna sehemu ambako mitambo inastahili kabisa, hasa kamera za getini zinazosoma namba ya kontena na ya lori, na kreni za yadini zinazoendeshwa na mtu aliyeketi ofisini badala ya kuning'inia juu kwenye joto kwa saa nyingi. Afrika yenyewe ina mfano wa karibu: Tanger Med ya Morocco ilifungua mwaka 2019 gati lenye kreni zinazoendeshwa kwa mbali. Lakini Tanger Med ni bandari ya kuhamishia makontena kutoka meli hadi meli, kazi ambayo haihitaji kibali cha forodha kwa kila sanduku, na kuiiga bila kulikumbuka hilo ni kuiga nusu ya jambo.

Mifumo ya kuwapangia madereva saa za kuingia bandarini ni kitu kingine ninachokiunga mkono kwa masharti. Ikifanya kazi vizuri, dereva huja saa yake, hupakia na kuondoka. Ikifanya kazi vibaya, foleni inahama tu kutoka getini na kwenda kando ya barabara kuu, ambako kamera za bandari haziioni na takwimu za bandari haziihesabu. Dereva wa Uganda aliyelala chini ya lori lake siku mbili akingoja zamu yake ya kidijitali hana tofauti na aliyelala hapo kwa kungoja zamu ya karatasi. Ndiyo maana naona saa ianze kuhesabiwa tangu dereva anapofika mjini, na si tangu mfumo unapomruhusu kusogea. Madereva hawa hawaalikwi kwenye makongamano ya uchukuzi kwa wingi unaostahili, ingawa wao ndio wanaojua bandari inavyofanya kazi saa nane za usiku.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia hofu kuliko yote, nalo ni siku ambayo mfumo unalala. Mwezi Juni 2017 shambulio la kompyuta liitwalo NotPetya liliangusha mitandao ya kampuni ya meli ya Maersk duniani kote, na magati yake kadhaa yakashindwa kupokea malori. Nakala muhimu ya mtandao wao ilipatikana katika ofisi yao ya Ghana, kwa kuwa saa ya shambulio umeme ulikuwa umekatika huko na mashine ilikuwa imezimwa. Kampuni yenye meli katika kila bahari iliokolewa kwa sehemu na kukatika kwa umeme. Mwezi Julai 2021 shirika la Transnet la Afrika Kusini lilishambuliwa, na kazi za makontena Durban na bandari nyingine zikavurugika kwa siku kadhaa. Mwezi Julai 2023 ikawa zamu ya Nagoya, bandari kubwa ya Japani, ambayo shughuli zake za makontena zilisimama kwa zaidi ya siku mbili baada ya wadukuzi kufunga mfumo wake wakidai malipo. Ikiwa Japani inaweza kusimama, sisi tujiulize kwa uzito tutafanya nini.

Huku kwetu mfumo haungoji mdukuzi ili ulale. Nyaya hukatika, seva huelemewa, maboresho ya usiku huendelea hadi mchana. Linaloniuma ni kwamba siku za bure huendelea kuhesabiwa. Mfumo wa taasisi moja ukizimika kwa saa 36, mwenye mzigo hawezi kulipa, hawezi kupata kibali, hawezi kutoa kontena, lakini ada za kuhifadhi na ada za kampuni ya meli zinaendelea kama kwamba ni yeye aliyezembea. Maombi ya kusamehewa ada yapo, lakini yanategemea barua na hisani. Ningependa kanuni hii iandikwe katika mkataba wa huduma wa kila bandari ya kanda yetu: mfumo wowote wa umma ulio wa lazima ukizimika, saa ya ada zote isimame yenyewe, kwa programu ile ile inayozihesabu, na ianze tena mfumo unaporudi. Haigharimu kreni hata moja. Ingewapa pia wasimamizi wa mifumo sababu ya kifedha ya kuhakikisha hailali, kwa maana kila saa ya giza ingekuwa mapato yaliyopotea kwao badala ya kuwa mapato ya ziada.

Kuna wanaoamini kwamba jukwaa moja kubwa litatatua matatizo haya yote. Hao wakumbuke TradeLens, jukwaa lililotangazwa na Maersk na IBM mwaka 2018 ili kuunganisha kampuni za meli, bandari na forodha duniani. Teknolojia yake ilisifiwa sana. Mwishoni mwa mwaka 2022 ikatangazwa kwamba litafungwa, kwa sababu ushirikiano wa sekta nzima uliohitajika haukupatikana. Chombo kinachomilikiwa na mshindani mmoja ni vigumu kuaminiwa na wengine. Katika kanda yetu washindani ni taasisi za serikali, kila moja ikilinda mapato yake na mamlaka yake, na sidhani mfumo mpya utawaunganisha watu ambao sheria haijawalazimisha kuunganika. Shirika la Kimataifa la Bahari limefanya dirisha moja la taarifa za meli kuwa la lazima kwa bandari za nchi wanachama tangu tarehe 1 Januari 2024. Ni hatua njema, lakini inahusu taarifa za meli, mabaharia na shehena wakati meli inapoingia na kutoka. Hakuna amri kama hiyo inayolifuata kontena hadi Malaba.

Na Malaba inatukumbusha mipaka ya bandari yoyote. Januari 2022 Uganda ilipowataka madereva kupima Uviko kwa ada mpakani, malori yalijipanga kwa kilomita nyingi upande wa Kenya, na mafuta ya magari yakaadimika Kampala hata bei zikaruka. Siku hizo Mombasa ingeweza kuwa na mitambo ya Yangshan yenyewe na bado tungekosa petroli. Vivyo hivyo, amri ya mwaka 2019 ya kuelekeza makontena kwenye reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, kisha agizo la Septemba 2022 la kurudisha shughuli za utoaji mizigo Mombasa, vyote vilibadilisha mipango yetu kwa ghafla kuliko programu yoyote ya kompyuta.

Dar es Salaam nayo inabadilika. Tanzania ilitia saini na DP World ya Dubai mwaka 2023 mkataba wa miaka 30 wa kuendesha sehemu ya bandari hiyo, na mwaka 2024 kampuni ya Adani ya India ikapewa gati la pili la makontena kwa muda kama huo. Ninaufurahia ushindani huu, kwa kuwa nchi isiyo na bahari hunufaika inapokuwa na milango miwili, na njia ya reli hadi Mwanza kisha kwa meli zinazobeba mabehewa hadi Port Bell, bandari yetu ya Ziwa Victoria, ina mvuto wake. Bado nitaupima kwa kipimo kile kile. Tija mpya ya gati la Dar haitanifaa ikiwa behewa litangoja meli ziwani kwa muda usiojulikana.

Sehemu ya safari ambayo haipimwi na mtu yeyote ni ya kurudi. Mwenye mzigo wa Kampala huweka amana kwa kampuni ya meli, na kontena tupu lisiporudishwa kwa wakati mahali palipoagizwa, ada huanza kuila amana hiyo. Kwa baadhi ya wateja wangu ada za kuchelewesha kontena zimezidi ada za bandari zote kwa pamoja. Mahali pa kurudishia hubadilishwa, yadi ya makontena matupu hujaa, dereva hufukuzwa getini, na hakuna mfumo unaoandika kwamba alifika na akakataliwa. Kamera ileile inayosoma namba ya kontena lililojaa linapotoka ingeweza kusoma namba ya kontena tupu linapofika mlangoni, na rekodi hiyo ikawa ushahidi wa kisheria wa kuzuia ada.

Ninachoomba, basi, ni nyakati sita kwa kila kontena la transiti: meli ilipotia nanga, kontena lilipogusa ardhi, kibali cha mwisho kilipotolewa, lori lilipotoka getini, lilipovuka mpaka, na kontena tupu lilipopokelewa. Karibu zote tayari ziko kwenye seva, nyingine Mombasa, nyingine Nakawa, makao makuu ya URA. Mamlaka ya uratibu ya Ushoroba wa Kaskazini, yaani njia ya uchukuzi kutoka Mombasa kwenda bara, yenye makao yake Mombasa, ina kituo cha takwimu za usafirishaji kinachochapisha viashiria vya njia yetu, na ingeweza kuziunganisha na kuzitoa kila mwezi bila majina ya wenye mizigo, ikionyesha kontena la haraka, la katikati na la mwisho kabisa. Mimi na mawakala wenzangu tungeanza na safu ya mwisho.